Friji iko wapi?

Jumatatu yangu ya kwanza chuoni nilichelewa kipindi kwa dakika 40, na usingizi haukuhusika. Saa 1 na nusu asubuhi nilishapita getini, nimevaa blauzi aliyoipiga pasi shangazi, mkononi nimeshika ratiba niliyoichapisha steshenari kwa shilingi 200. Ilikuwa Novemba 2015. Basi la kutoka Tunduru lilikuwa limenishusha siku 2 kabla, na katika mji ule sikumjua mtu zaidi ya huyo shangazi.

Ratiba ilisema jina la kozi, saa 2:00, kisha herufi tatu na namba: BLT 2. Hakukuwa na neno jingine.

Kaka wa kwanza niliyemsimamisha alikuwa wa mwaka wa tatu, nilimjua kwa jinsi alivyotembea mikono mitupu. Aliisoma karatasi yangu, akamwita mwenzake, wakaisoma wote wawili, kisha wakanielekeza majengo mapya. Majengo mapya yalikuwa na jiwe la msingi lenye jina la kiongozi aliyeyafungua, vyumba vya namba, na hakuna BLT yoyote. Dada mmoja akanirudisha nyuma, upande wa maabara. Maabara ilikuwa imefungwa. Saa 2 ilipogonga nilikuwa nimesimama kando ya tangi la maji, natazama watu wote wengine wakitembea kama waliozaliwa pale.

Nikarudi getini kwa mlinzi. Mzee wa miaka 60 hivi, redio ndogo sikioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Umepotea."

Hakuuliza. Alisema tu, kama daktari wa zahanati anayekutazama macho akajua ni malaria. Akaichukua ratiba, akaishika mbali na uso, akatikisa kichwa.

"Hili ni jina la watu wa ratiba. Wewe unatafuta Friji."

"Friji?"

"Ule ukumbi kiyoyozi chake hakina huruma. Wenzako wanaingia na masweta. Sasa sikiliza. Fuata hii lami mpaka kwenye mwembe uliofungwa kipande cha reli, ile kengele ya zamani. Hapo lami itakata kulia, wewe usikate. Shika njia ya mguu, pita nyuma ya maabara, utaona vimbweta. Ukisikia baridi inatoka mlangoni, umefika."

Nikafika. Juu ya mlango palikuwa na jina la tatu kabisa, la profesa marehemu, kwa herufi za shaba, moja imedondoka. Na BLT? Mwaka wa pili ndipo nilipokuja kuambiwa kwamba B ile ilikuwa ya jengo lililokwisha kubomolewa kabla sijamaliza shule ya msingi. Ratiba ilikuwa inatuelekeza kwenye kaburi.

Ndiyo maana 2018, mwaka wa mwisho, tulipotakiwa kupeleka wazo la mradi, mimi na wenzangu wawili hatukukesha kulitafuta. Mmoja alikuwa wa Tanga, mwenye maneno. Wa pili wa Kigoma, mkimya, anaandika programu kama mtu anayekimbizwa. Tulitaka hivi: mwanafunzi mpya anaandika BLT 2 kwenye simu, anainua simu kama anayepiga picha, na juu ya picha ya njia iliyo mbele yake unatokea mshale. Akigeuka, mshale nao unageuka. Akielekeza kamera kwenye jengo, jina la jengo linaelea juu ya paa. Kwenye andiko la mradi tuliita "uhalisia ulioongezwa", kwa kuwa msimamizi alipenda maneno mazito. Chumbani tuliita vibao.

Ukikisikia kinavyofanya kazi utadhani ni chepesi. Ili kibao kikae juu ya paa lake, simu inatakiwa ijue umesimama wapi na unatazama wapi. La kwanza inalipata kwa setilaiti za GPS, zinazoizunguka dunia kilomita zaidi ya 20,000 juu ya vichwa vyetu. Chini ya anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi, na hilo linavumilika, ni kama upana wa barabara. Lakini simama katikati ya maghorofa: ishara zinagonga kuta kwanza ndipo zikufikie, simu inaamini zimetoka mbali kuliko ukweli, na kitone chako kwenye ramani kinahamia kwa jirani. Ukiingia ndani ndiyo balaa. Chumba 104 na chumba 304 kwake ni mahali pamoja, na mwanafunzi anayepanda ngazi hajui aishie ghorofa gani.

La pili ndilo lililotumaliza. Kujua unatazama wapi, simu inategemea dira, yaani kihisi kidogo kinachosoma sumaku ya dunia. Sumaku hiyo ni dhaifu mno. Nondo zilizo ndani ya zege zinaivuruga, geti la chuma linaivuruga, gari lililoegeshwa karibu linaivuruga, hata kava ya simu, ile ya kujikunja kama pochi yenye kisumaku cha kufungia. Dawa yake ni kuishika simu na kuchora namba 8 hewani, tena na tena, mpaka dira ijipange. Kwa hiyo aliyepita karibu na jengo la utawala Aprili ile aliona vijana 3 wamesimama juani, hawasemeshani, kila mmoja anachora nane hewani. Mama mmoja wa usafi alituuliza kama tunawanga.

Siku ya kuonyesha mradi msimamizi alitaka tumpeleke maktaba. Tulianzia mlango wa utawala, wenye mageti ya chuma pande zote mbili. Hatari tuliijua, tukanyamaza. Mshale ukatoka vizuri, wa kijani, unapepesuka kidogo kama mlevi mstaarabu. Hatua 30 za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha ukageuka taratibu, kwa heshima zote, ukaelekea nyuma ya karakana alikokaa mama ntilie. Msimamizi akaufuata. Hatukuwa na la kusema, tukamfuata yeye. Alikwenda mpaka kwenye benchi, akainua simu, akasoma kwa sauti kibao kilichokuwa kinaelea juu ya sufuria ya maharage: MAKTABA KUU, MITA 180.

Akaagiza chai na chapati 2. Tulipata B.

Baada ya chapati zile nikaanza kusoma waliotutangulia, kazi ambayo kwa haki ingetangulia. Wazo la kuweka michoro juu ya kitu halisi lilikuwapo tayari mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na David Mizell wa Boeing walipofikiria kumvisha fundi wa nyaya za ndege kifaa cha machoni, aone waya upite wapi bila kugeukia mchoro. Ila kilichonifanya niweke kalamu chini ni cha 1997. Mwaka huo Steven Feiner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitengeneza kifaa ambacho wengi wanakitaja kuwa cha kwanza cha aina hii cha kutembea nacho nje. Kilifanya nini? Kiliwaonyesha watu majengo ya chuo na majina ya idara zilizomo. Kumbe tulichodhani tumekibuni chumbani kwetu, huku betri ya kompyuta ikisoma asilimia 9, ndicho hasa kilichoanza.

Wao walikibeba mgongoni. Kompyuta, betri, mitambo ya GPS, antena, miwani ya kuonea kichwani na kompyuta nyingine ndogo ya mkononi yenye kalamu. Mzigo wote karibu kilo 18. Hiyo ni debe la mahindi, halafu utembee nalo ukitafuta idara ya falsafa. GPS yenyewe wakati ule serikali ya Marekani ilikuwa imeipunguza makali makusudi kwa matumizi ya raia, na haikuifungulia hadi Mei 2000, kwa hiyo kina Feiner walihitaji masahihisho yanayorushwa kwa redio ili wasikosee kwa makumi ya mita. Na kichwa kimegeukia wapi walijuaje? Kwa kihisi cha sumaku. Nilicheka peke yangu maktabani mpaka nikafukuzwa kwa macho.

Miaka 2 baadaye waliongeza kitu ambacho sisi hatukukifikiria kabisa. Aliyevaa kifaa aliweza kusimama uani Columbia na kuonyeshwa habari za mgomo wa wanafunzi wa 1968 pale pale ulipotokea, na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bloomingdale iliyokuwa kwenye ardhi ile kabla ya chuo. Kibao kikawa kinasema palikuwa nini.

Tangu hapo kila nikifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nawaza kibao kama hicho. Wanafunzi wanapita Ukumbi wa Nkrumah wakikimbilia madarasa ya Yombo, macho kwenye simu. Chuo kile kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani 1964, na Oktoba 1966 wanafunzi wake waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha kwao karibu 400, na papo hapo akatangaza kujikata mshahara wake asilimia 20. Kibao cha kukuonyesha Yombo unakihitaji wiki moja. Hiki kingine ningekisoma nimesimama, hata nikichelewa.

Lakini nani angekisoma, na kwa simu ipi? Februari 2018, wakati sisi tunahangaika na nane zetu, Google walitoa toleo la kwanza rasmi la ARCore, zana inayoiwezesha simu ya Android kuelewa sakafu, ukuta na mwendo wa kamera bila kuitegemea sana dira. Orodha ya simu zilizokubaliwa ilikuwa na aina 13. Nilizunguka darasani na karatasi nikauliza kila mtu ana simu gani. Hakuna hata mmoja aliyekuwamo. Aliyekuwamo alikuwa msimamizi.

Hapo ndipo mambo haya yanapokwama kwetu, na watu wa maonyesho ya teknolojia hawalisemi. Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kile kihisi kinachojua simu imezunguka kiasi gani. Bila hicho mshale unatetemeka kama mkono wa mtu aliyekunywa kahawa tupu. Kamera ikiwa wazi muda wote, chaji inayeyuka. Bando nalo: mwanafunzi ambaye bumu, ile posho ya mkopo, halijaingia hatafungua programu inayopakua picha. Halafu jua. Mlio wa kengele ya saa 7 mchana, Februari, anga jeupe, kioo cha simu ni kipande cha makaa. Unainua simu kutafuta njia, unaona uso wako mwenyewe umekunja ndita. Na ukitembea umeinua simu hivyo, wengine wanadhani unawarekodi, na kibaka wa kwenye uzio anajua kabisa wewe ni mgeni na simu yako iko mkononi.

Tulijaribu njia ya kimasikini. Tulichapisha zile alama za miraba za kusomwa na kamera, tukazipitisha kwenye leminesheni, tukabandika 30 milangoni na kwenye ngazi. Ukiielekezea kamera, simu inajua papo hapo: uko jengo fulani, ghorofa ya 2, umetazama mashariki. Setilaiti hazihusiki, wala dira. Kwa shilingi elfu 15 tulikuwa tumeipiku GPS. Wiki ya pili tukapita kukagua. Alama 11 zilikuwa zimefunikwa na matangazo ya "Tunaandika CV" na "Anatafutwa mtu wa kuchangia chumba, wa kike, mtulivu".

Hata hivyo hayo yote, dira na simu na miraba, ni mambo ya fundi, na fundi ataendelea kuyarekebisha nisipomsaidia. Kilichonibadilisha mimi ni orodha ya majina.

Mshale ulikuwa na mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, na mahali pa kuishia pana jina. Tulipoomba orodha ya majengo tulipewa karatasi ya ofisi ya milki, ya majengo 42. Tulipoilinganisha na ratiba, majina 9 ya ratiba hayakuwamo kabisa. Tulipoilinganisha na midomo ya wanafunzi, karibu hakuna lililofanana. Kijana akikwambia "tukutane Mbagala" hazungumzii Dar es Salaam, anazungumzia bweni la mwisho kabisa, ambalo ukifika umechoka kama umepanda daladala 2. "Kwa Mchina" ni jengo ambalo mkandarasi wake aliondoka zamani. "Bungeni" ni vimbweta vya chini ya mkungu, ambako kila jioni watu wanabishana mpira na siasa na hakuna hoja inayopitishwa. Programu yetu, yenye karatasi ya ofisi tumboni, ingekupeleka kote isipokuwa huko ulikoambiwa uende.

Mwenzetu wa Kigoma alikuwa na kaka yake aliyesoma Chuo Kikuu Ardhi na kushiriki Ramani Huria, ile kazi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakatembea na wenyeji, wakachora nyumba, vichochoro na mifereji, wakaiweka kazi hiyo kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo Steve Coast aliianzisha Uingereza 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Tulimpigia simu. Akatusikiliza, akacheka, akasema: "Mnahangaika na ofisi ya nini? Ukitaka kujua mtaro unapita wapi unamuuliza aliyefurikiwa. Nyinyi mtafuteni anayeulizwa njia kila siku."

Tulimjua anayeulizwa njia kila siku.

Mzee wa getini alitupa jioni 4, baada ya zamu, tukiwa tumekaa kwenye matofali nyuma ya kibanda chake, na daftari la mistari. Hakuhitaji ramani. Alifumba macho akawa anatembea kwa mdomo: "Ukitoka hapa kushoto, kuna choo kibovu, usikiandike. Mbele yake msikiti. Pembeni kuna njia ya mguu ya kwenda zahanati, fupi kuliko lami mara mbili, lakini andika hapo: masika hapana." Tuliandika: masika hapana. Alituambia ngazi zipi zina vyuma vya kushika na zipi hazina, bomba gani lina maji asubuhi tu, dirisha gani la mhasibu hufunguliwa kweli. Kila jengo alilipa majina 3 bila kusita: la walioandika ratiba, la ubaoni, la vijana. Mengine alikuwa na la nne, la mafundi waliolijenga, ambalo sasa alibaki nalo peke yake.

Msimamizi aliposoma sura hiyo ya andiko letu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kama mlinzi anajua yote, kwa nini mwanafunzi asimuulize mlinzi?"

Ni swali zuri, na nililichukia kwa sababu lilikuwa zuri. Kuuliza si ujinga, tumefundishwa hivyo tangu chekechea. Lakini kuna watu kuuliza kunawagharimu. Mimi wiki ile ya kwanza niliwauliza kaka watano. Watatu walinielekeza, mmoja aliomba namba ya simu kwanza, na mmoja "alinisindikiza" mpaka mahali ambapo hakukuwa na darasa wala watu, nikageuka nikaondoka kwa mwendo wa kukimbia bila kukimbia. Mabinti wengi wanaosoma hapa wanaujua huo mwendo. Baada ya siku ile nilikuwa tayari kupotea saa nzima kuliko kuuliza. Mshale, hata ule wetu mlevi, haukuombi namba.

Kulikuwa pia na mwenzetu wa kitimwendo, mwaka mmoja nyuma yetu. Kwake njia fupi haina maana kama ina ngazi 3, na ngazi 3 hazionekani kwenye ramani yoyote hadi mtu azitembelee na kuziandika. Tuliziandika zote. Huyo ndiye aliyeitumia programu yetu kwa muda mrefu kuliko sote, bila kamera, bila vibao, akisoma orodha tu. Na kwa asiyeona kabisa, vibao vinavyoelea ni vya nini? Microsoft walikuwa wametoa Soundscape mwaka huohuo wa 2018: unavaa spika za masikioni, na jina la mahali linasikika kutoka upande lilipo, duka liko kushoto, linaitika kushoto. Nililiona ni wazo zuri kuliko mshale wowote. Lakini 2023 waliacha kuiendesha, wakaiachia programu hiyo wazi kwa yeyote atakayeweza kuiendeleza. Na hiyo nayo ilikuwa inasoma majina kutoka OpenStreetMap. Ikifika mahali ambapo hakuna aliyeandika jina, inakaa kimya.

Mei ya mwaka huohuo wa 2018 Google walionyesha jukwaani mshale wao wa kwenye kamera, pamoja na mbweha mchoro anayekutangulia barabarani kukuonyesha njia. Mwaka uliofuata mshale ukaingia kwenye ramani zao bila mbweha, nikasikitika kidogo. Wao tatizo la dira walilimaliza kwa akili: simu inalinganisha maghorofa inayoyaona na mamilioni ya picha za mitaani zilizopigwa na magari yao, ikipata yanayofanana inajua umesimama wapi na umegeukia wapi. Ni kazi ya kuvulia kofia. Ila gari la picha halishuki njia ya mguu iliyo nyuma ya maabara, na likishuka, litaona ukuta wa rangi ya maziwa na mlango. Halitasikia baridi.

Programu yetu ilikufa 2020. Seva ilikuwa inalipiwa kwa dola, aliyekuwa na kadi ya benki alikuwa mwenzetu wa Tanga, na siku moja akaoa. Sikumlaumu. Mzee wa getini alistaafu mwaka uliofuata. Nilipata habari kwa mwenzetu wa Kigoma. Lakini kabla ya mahafali, usiku mmoja, watatu sote tulikuwa tumekaa na lile daftari la mistari tukayahamishia majina yote kwenye OpenStreetMap, jengo baada ya jengo. Ramani ile inakubali mahali pamoja pawe na majina kadhaa: la rasmi, la pili, la wenyeji. Kwenye rasmi tuliweka la profesa. Kwenye la pili, BLT 2. Kwenye la wenyeji, Friji. Tulimaliza saa 10 alfajiri, tukala mihogo ya kukaanga.

Mwaka huu mdogo wangu wa mwisho kachaguliwa chuo kilekile. Wiki iliyopita akanitumia picha ya ratiba, haikubadilika hata mwandiko: BLT 2, saa 2:00 asubuhi. "Dada, hii iko wapi?" Nikafungua ramani nimtumie, nikiwa na hamu kidogo ya kuona kazi ya mikono yangu.

Njia ya mguu ipo. Masika hapana, ipo. Mwembe upo. Lakini kwenye jina la wenyeji la ule ukumbi hapakuandikwa Friji. Paliandikwa Jiko.

Nikadhani ni mzaha wa mtu. Ramani ile inaweka kumbukumbu ya kila anayebadilisha kitu na sababu aliyoiandika, nikafungua nikasoma. Akaunti nisiyoijua, mabadiliko ya Machi, sababu maneno matano: "Kiyoyozi kimekufa tangu mwaka jana."

Sikuligusa. Nilimwandikia mdogo wangu: ukifika getini uliza Jiko, na usivae sweta.